Wapendwa wa Moshi na Arusha: kumeza dawa ya presha nako ni kumtii Mungu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na salamu kwa wakuu wote humu, wa kanisa na wasio wa kanisa.

Mimi ni muuguzi hapa Moshi, na usharikani kwetu ni mzee wa kanisa. Watu ninaokaa nao benchi moja Jumapili ndio haohao ninaowapokea wodini katikati ya wiki, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki, na mke au mtoto amesimama pembeni ananiuliza, "Imekuwaje jamani, mbona jana alikuwa mzima?" Kumbe huyo "mzima" wa jana alikuwa ametembea na presha miaka na miaka bila kupimwa, au alipimwa, akaandikiwa dawa, akaiacha. Na wengine walioiacha ni watu wa maombi kabisa, waliambiwa kwamba kumeza kidonge baada ya kuombewa ni kumkana Mungu. Hilo linaniuma, ndiyo maana naleta uzi huu. Ni mrefu, mnivumilie.

Andiko la 1 Wakorintho 6:19, kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, tunalijua kwa kichwa. Kwenye semina ya vijana litasomwa kuhusu uzinzi. Desemba, watu wakisharudi nyumbani kutoka Dar na barabara ya Kibosho imejaa magari, litasomwa kuhusu mbege na bia. Ni sawa, na Paulo mwenyewe pale alikuwa anazungumzia uzinzi. Lakini rudi nyuma hadi mstari wa 13 uone anamjibu nani. Kuna watu Korintho walikuwa wanasema vyakula ni kwa tumbo na tumbo ni kwa vyakula, na vyote vitaharibika, kwa hiyo mwili ufanyie upendavyo, cha muhimu ni roho. Paulo anawakatalia: mwili ni kwa Bwana, naye Bwana ni kwa mwili, na Mungu aliyemfufua Bwana atatufufua na sisi. Akishasema hayo ndipo anafika kwenye hekalu, na kwamba sisi si mali yetu wenyewe, tulinunuliwa kwa thamani.

Sasa hoja hiyo ukiiachilia itembee, haiishii kwa mzinzi na mlevi. Inamfikia shemasi ambaye hajawahi kugusa pombe lakini anamwagia chumvi chakula kabla hajakionja. Inamfikia mchungaji anayelala masaa manne tu kwa usiku na kujisifia. Inamfikia baba anayesema "presha ni yangu, niacheni nife nayo". Aliyenunuliwa hana ruhusa ya kusema hivyo.

Niwaeleze jambo moja nililoliona kwa macho. Tulipanga meza nje ya ofisi ya usharika baada ya ibada ya pili, tunapima presha bure. Akaja mama mmoja wa kwaya, bado yuko kwenye sare. Mkono wa gauni ulikuwa umembana, ikabidi wenzake wamzungushie kitenge ili atoe bega. Mashine ikajaza upepo, ikasoma 192 kwa 114. Tukamkalisha, mgongo umeegemea, miguu iko chini, hakuna kuongea, tukarudia baada ya muda. 188 kwa 110. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, mbona nimeimba nyimbo zote na sijachoka?" Alipofungua pochi kutafuta miwani nikaona, kati ya kitabu cha nyimbo na leso, karatasi ya vidonge vya amlodipini, dawa ya presha. Vilikuwa vimetolewa viwili tu.

Nikamuuliza polepole. Alikuwa ameenda kwenye maombi mahali fulani, akaambiwa amepokea, na kwamba aliyepokea hamezi tena. Sikumbishia kuhusu maombi, kwa sababu na mimi naamini Mungu anaponya, nimewahi kuona mambo wodini ambayo siwezi kuyaeleza. Nilimwambia: mama, soma Luka 17. Wale wenye ukoma kumi, Yesu aliwaambia nini? Waende wakajionyeshe kwa makuhani. Torati ilikuwa imempa kuhani kazi ya kukagua ngozi na kusema huyu ametakasika, na Yesu hakuiruka hatua hiyo. Kama Mungu amekuponya presha, mashine itasema, na daktari mwenyewe ndiye atakayepunguza dozi. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo.

Siku hiyohiyo alipelekwa hospitali na mwanawe. Sasa anameza dawa yake, na bado anaimba sauti ya pili.

Wakuu, kwa wasiofahamu, presha haina desturi ya kupiga hodi. Wengi hawasikii kichwa wala kizunguzungu. Ikipimwa zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti, na inasoma 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya kupanda na inataka kliniki. Ikiachwa inachakaza mishipa kidogokidogo, mpaka ubongo, moyo, figo au macho vinalipa. Dawa zake nyingi ni za bei ya kawaida, gharama kubwa inakuja figo zikishafeli na ukafika kwenye kusafishwa damu kwa mashine mara mbili tatu kwa wiki, hapo ndipo familia zinauza shamba. Na dawa inafanya kazi siku unayoimeza. Ukishaona presha imeshuka ukaacha, itapanda tena, kwa sababu ilishushwa na hiyo dawa.

Sisi Walutheri ndio hatuna kisingizio kabisa. Kila mtoto wa kipaimara hapa Kilimanjaro anakaririshwa Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529. Kwenye maelezo ya imani ya kwanza tunafundishwa kwamba Mungu ametupa mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote, na bado anavitunza. Kwenye amri ya "Usiue" tunafundishwa kwamba haitoshi kutomdhuru jirani mwilini, tunatakiwa tumsaidie katika mahitaji yake ya mwili. Kwenye "mkate wetu wa kila siku" afya imo kwenye orodha. Tunayakariri tukiwa na miaka kumi na mitatu, kumi na minne, mchungaji anatuuliza mbele ya usharika, tunajibu bila kukosea, tunapigiwa vigelegele, ng'ombe au mbuzi anachinjwa, na baada ya hapo mwili haurudi tena kanisani mpaka siku ya jeneza.

Na waliotuletea Injili hapa walikuja na dawa mkono mmoja. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ilifunguliwa 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na jina hilo linasema kila kitu, yule Msamaria alimwagia jeraha mafuta na divai, akalifunga, akalipa dinari mbili kwenye nyumba ya wageni. Hospitali za Machame, Marangu, Selian na ALMC kule Arusha ni za KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wakatoliki wana Kibosho, wana Huruma kule Rombo. Sadaka za bibi zetu ziko kwenye kuta hizo. Inakuwaje mtu apite getini kwa hospitali iliyojengwa na kanisa lake, akiwa njiani kwenda kuambiwa kwamba hospitali ni kukosa imani?

Mnakumbuka 2011. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, kijijini Samunge, Loliondo, kikombe kimoja cha dawa yake, iliyosemwa inaponya magonjwa sugu, shilingi 500. Nchi nzima ilihamia huko, hadi wakubwa serikalini, magari yalipanga foleni kilometa kwa kilometa, watu wakalala barabarani na wagonjwa wao. Wapo waliofia kwenye foleni. Wapo waliotoka wodini na dripu haijaisha, wapo walioacha ARV. Mzee huyo alishatangulia mbele za haki mwaka 2021 na simhukumu. Ninachojiuliza ni sisi tuliobaki, kama kanisa liliwahi kukaa na kujifunza kutokana na ile safari. Kwa sababu kiu ile bado ipo, na kila mwaka inapata mtu mwingine wa kuiuzia maji, chupa moja kwa bei ya juu.

Biblia haijawahi kugombanisha maombi na tiba. Hezekia aliomba akalia, Mungu akasikia, akamwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini ubandikwe juu ya jipu. Luka alikuwa tabibu na Paulo anamwita mpendwa. Elia alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Binti Yairo alipofufuliwa, Yesu akasema apewe chakula. Mimi nikisoma hapo huwa najiuliza ni mara ngapi tumeomba juu ya mtoto mwenye utapiamlo bila kuuliza nyumbani amekula nini.

Kuhusu chakula nitapita haraka, maana kila mtu ana lake. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye mkate, nyama choma na viungo vya pakiti. Vyakula vyetu vya asili havina ugomvi na mwili: mtori, kiburu, mnafu, parachichi la uani. Ugomvi upo kwenye sherehe zetu za kanisa. Nendeni harusini mwone sahani ya mgeni rasmi, halafu hesabuni soda.

Naomba kuwasilisha. Karibuni, hasa wachungaji na waalimu wa dini kama mpo.

Mtumishi Daima:
Mzee wa kanisa, umeandika vizuri lakini kuwa makini. 1 Timotheo 4:8, mazoezi ya mwili yafaa kidogo, utauwa hufaa kwa mambo yote. Siku hizi Wakristo wanajua kalori kuliko mistari. Kilimanjaro Marathoni inafanyika Jumapili, na kuna washirika wanaikimbia huku ibada inaendelea. Mwili huu ni udongo, utaliwa na funza. Tuhangaikie roho.

Mleta uzi:
Mtumishi, nakubaliana nawe kwamba utauwa uko juu, na hata mimi sifurahii mtu kuacha ibada kwa ajili ya medali. Lakini barua hiyohiyo, sura inayofuata, mstari wa 23, Paulo anamwambia Timotheo asinywe maji tu, atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Mtume mzima, katikati ya maagizo ya wazee wa kanisa, anasimama kuandika habari za tumbo la kijana wake. Hakumwambia akemee tu.

Na hilo la udongo, Mtumishi, kila Jumapili mimi na wewe tunasimama kukiri ufufuo wa mwili. Bwana alipofufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi, na makovu yake yalikuwepo. Wanaosema mwili ni takataka tu na roho ndiyo mtu mwenyewe, kanisa la kwanza lilipambana nao vikali, Irenayo wa Lyon aliandika dhidi yao karne ya pili. Tusiwarudishe kwa mlango wa nyuma.

mama_wa_watatu:
Shikamoo mzee. Mimi niko Machame. Naomba niseme kwa niaba ya kina mama, maana uzi kama huu huwa unaishia kwa wanaume kushauriana wakimbie asubuhi. Mimi saa kumi na moja nimeshaamka, nakamua, nakata majani ya ng'ombe, nabeba kichwani napandisha nayo, watoto shule, shambani, Jumatano umoja wa wanawake, Ijumaa kufanya usafi kanisani, Jumamosi kuna msiba napika. Sihitaji mazoezi. Nahitaji mtu aniambie ni halali kukaa. Mgongo unauma mwaka wa pili huu, na nikikaa chini mchana naonekana mvivu. Hiyo nayo ni hekalu au hekalu ni presha tu?

Mleta uzi:
Marahaba mwanangu. Hilo ni hekalu kabisa, na afadhali umelisema wewe. Amri ya Sabato kwenye Kumbukumbu la Torati 5 haikuwapa mapumziko wakubwa peke yao, imemtaja mtumwa, mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Kama punda ametajwa, mama wa Machame hawezi kusahaulika. Na Marko 6:31, wanafunzi walikuwa wamerudi kutoka kazi ya Bwana yenyewe, hawakupata hata nafasi ya kula, Yesu akawaita pembeni wapumzike. Watu walikuwa bado wanawahitaji na akawaita hivyohivyo.

Kwa upande wa kazi yangu: mgongo wa miaka miwili unatakiwa uonwe. Ukisikia ganzi miguuni, au mguu unakosa nguvu, au mkojo unakusumbua, usingoje, nenda mara moja. Na baba watoto akisoma hapa, majani ya ng'ombe na yeye anaweza kuyabeba. Mada hii nitaipeleka kikao cha wazee, maana zamu za usafi na za kupika misibani tunazipanga sisi, na majina tunayoyaandika ni yaleyale kila wiki.

Ngarenanyuki1:
Wakuu, sisi huku Arumeru tunazungumzia mwili tukianzia kwenye ndoo. Maji yetu yana floridi nyingi. Meno ya watoto yanakuwa ya kahawia, na waliokunywa miaka mingi mifupa inakakamaa, unaona mtu miguu imepinda. Vijana wetu wakienda kwenye makongamano ya kwaya wanacheka wamefunika mdomo. Kuna mchungaji mgeni aliwahi kusema meno hayo ni sigara. Watoto wa darasa la tatu, sigara! Tunzeni miili, sawa, lakini maji nani atayatunza?

Mleta uzi:
Ndugu yangu, pole sana, na umeongeza kitu ambacho kwenye uzi wangu hakikuwepo. Mwili wa mtu haukai peke yake, uko kwenye maji, hewa na udongo wa mahali, na miamba ya volkano ya Meru ndiyo inayotoa hiyo floridi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kwa faida ya wengine: kuchemsha hakuondoi floridi, maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Kinachoipunguza ni kama ule mtambo wa mkaa wa mifupa uliofanyiwa kazi pale kituo cha Ngurdoto, au kuvuna maji ya mvua angalau ya kunywa na kupikia, hasa kwa watoto wadogo ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Usharika wenye paa la bati kubwa na hauna tangi la mvua, katika eneo kama lenu, unaacha baraka inamwagika uani. Hilo linaweza kuingia kwenye bajeti kabla ya vipaza sauti vipya.

Sakina Kwetu:
Mzee, mimi ni muumini wa kanisa la kiroho hapa Arusha, na nashukuru hukutukana watu wa maombi. Januari kanisani kwetu tunafunga siku 21. Mama yangu ana sukari, anatumia glibenklamidi asubuhi na jioni, na mwaka jana alianguka siku ya nne. Wakasema ni vita ya kiroho. Mwaka huu anataka kufunga tena. Nimwambieje bila kumvunja moyo? Ni mama yangu, siwezi kumfokea.

Mleta uzi:
Asante kwa swali hili. Glibenklamidi inausukuma mwili utoe insulini, umekula hujala. Ukimeza na usile, sukari inashuka: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika, halafu kuzimia. Kwa mzee inaweza kuua, na ikitokea usiku hakuna anayejua. Siwezi kusema mwaka jana ilikuwa nini kwa sababu sikuwepo, ila mwenye sukari akianguka akiwa amefunga, kitu cha kwanza ni kupima kidole. Ikisoma chini ya 4 (kwa mashine ya mmol/L), na bado anaweza kumeza, apewe maji ya sukari au soda ya kawaida, akizinduka vizuri ale chakula. Akiwa amezimia msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, kimbizeni hospitali.

Kumwambia, mwambie kwa heshima, na ikiwezekana umwombe mchungaji wake aseme yeye. Hata Wakatoliki, wenye sheria iliyoandikwa, wanawataka wafunge waliotimiza miaka 18 mpaka mwaka wa 60 unapoanza, na wagonjwa hawabanwi. Hakuna kanisa lenye hekima linalomdai mgonjwa njaa. Isaya 58 anataja mfungo ambao mama anaweza kuushika siku zote 21 bila kuruka mlo: kumgawia mwenye njaa chakula, kumvika aliye uchi. Au afunge simu na redio, akeshe kwenye neno mchana, usiku alale. Na kabla ya Januari apelekwe kliniki, amweleze daktari waziwazi kwamba kanisani kuna mfungo. Asifiche. Wengi wanaficha kwa kuogopa kuchekwa, na hapo ndipo tunapokutana nao mapokezi saa nane za usiku.

Mtumishi Daima:
Mzee wa kanisa, nimesoma yote. Kwenye Samunge bado nina neno nawe, tutaongea. Ila naomba utaratibu wa ile meza ya kupima, mnahitaji nini? Mimi nina washirika wengi wazee.

Mleta uzi:
Mtumishi, Mungu akubariki. Unahitaji mashine ya mkono inayofungwa juu ya kiwiko, iwe na kitambaa cha ukubwa wa kawaida na kingine kikubwa kwa wenye mikono minene, maana kitambaa kikibana kinadanganya kwenda juu. Viti vyenye egemeo, meza, daftari, na muuguzi au daktari mmoja, hata mstaafu, kila usharika anaye. Mtu akae dakika tano kwanza, asiwe ametoka kunywa kahawa wala kupanda ngazi. Majibu aambiwe peke yake, msiyatangaze kwenye kipaza sauti hata kwa nia ya kuombea. Na muwe mmeshaongea na zahanati au hospitali ya karibu, ili mkimkuta aliye juu ajue anakwenda wapi, kwa nani, siku gani. Kumpima mtu na kumwacha na namba yake mkononi ni kumwongezea hofu tu. Nitumie ujumbe pembeni uniambie uko upande gani wa mji. Mashine ya ziada ninayo, nitakuletea mwenyewe.